Mama yake ndo alikuwa analipa ada kwa masista, sasa nimebaki mwenyewe. Naanzia wapi?

Fundi_Spana (mwanzisha mada)

Habari za usiku wakuu. Naandika sasa hivi kwa sababu mtoto ameshalala, samahani itakuwa ndefu kidogo.

Nina binti yupo darasa la tatu, shule ya masista hapa Morogoro, jina la shule naliacha maana sina ugomvi nao. Mama yake alifariki mwezi wa nne, presha, ghafla tu, asubuhi alikanda unga wa chapati za kuuza na jioni tunahangaikia jeneza. Mimi ni Muislamu yeye alikuwa Mkatoliki, tumeishi hivyo miaka kumi na moja na hatujawahi kugombania dini hata siku moja, tuligombania chumvi na remote. Mtoto hajabatizwa na madrasa hajaenda, tulisema akue kwanza.

Shule aliichagua yeye na ada alilipa yeye, hela ya chapati na mchezo wa kina mama. Mimi upande wangu ulikuwa kodi, chakula na luku. Yani wakuu, nawaambia ukweli, nilikuwa sijui hata mwanangu analipiwa shilingi ngapi. Baada ya arobaini nikafungua kopo la maziwa alilokuwa anaweka risiti, zimekunjwa moja moja zimefungwa na rababendi, ndo nikajua. Ada 340,000 kwa awamu, awamu nne kwa mwaka, na gari la shule 120,000 kila awamu. Awamu ya kwanza aliimaliza yote. Ya pili alilipa nusu, 230,000, wiki moja baadaye akaondoka.

Sasa shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo, awamu ya tatu nayo inatakiwa. Ukijumlisha ni 690,000 na mimi mfukoni nina 150,000, gereji yenyewe ni ya pikipiki pale Msamvu, kuna siku unaziba pancha mbili unarudi nyumbani.

Ndugu zangu wanasema nimtoe, nimpeleke shule ya serikali ni bure, jioni madrasa. Hawajakosea. Lakini mtoto anaipenda ile shule jamani. Akifika kwa mama yangu anasalimia "Tumsifu Yesu Kristo", bibi anajibu "Waalaikum salaam", wanaendelea kula. Na siku ya tatu baada ya mazishi alikuja mwalimu wake na sista mmoja na gari la shule lina watoto kama kumi na tano, wakaimba pale uani, wakaacha unga, mchele na bahasha. Bahasha sikuweza kuifungua mpaka arobaini ipite. Zilikuwa sarafu. Mia mia na mia mbili mbili, nimehesabu 21,400.

Kwaiyo naomba ushauri, hivi hawa masista mtu unaweza kwenda kuongea nao kuhusu ada wakakuelewa, au ni kwamba waliniletea rambirambi lakini ofisini ni mambo mengine? Na je kwa kuwa mimi si muumini wao nina haki gani ya kuomba? Naona aibu kwenda na deni. Na ingine ndogo, soksi nyeupe mnafua na nini, za kwangu zinatoka kama maji ya dengu.

Kidume_cha_Msamvu

Pole sana mkuu kwa msiba.

Mi nakwambia bila kukuficha. Hizi shule za kanisa siku hizi ni biashara kama zingine. Wangu wa kiume alirudishwa getini ana begi mgongoni, deni 80,000, wakati Jumapili yake nimetoa mchango wa kujenga uzio wa shule hiyohiyo. Nilimtoa mwaka uleule, yuko shule ya kata anasoma vizuri tu. Toka 2016 shule za serikali hakuna ada, unachangia chakula na mitihani kidogo. Usijiue kwa ajili ya tai na sweta. Hiyo 690,000 ni kompresa mpya ya gereji, unaziba pancha za lori.

mama_wawili

Kaka yangu pole, Mungu akutie nguvu, na hongera kwa kuhesabu risiti maana wanaume wengi wangelitupa hilo kopo.

Mimi ni Muislamu, wangu wawili wako shule ya masista Dar mwaka wa tano huu, nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kwanza wanaanza siku na sala, Jumatano misa, watoto wote wanaingia, wa kwangu wanakaa nyuma na wenzao Waislamu na Walutheri, wanaposimama wanasimama, komunyo hawapokei. Nyimbo wanazijua zote, mdogo anaimba bafuni mpaka jirani akaniuliza kama nimesilimu kinyumenyume. Nimecheka tu. Mwaka jana Ramadhani mkubwa akaamua kufunga, ana miaka tisa, mimi sikumlazimisha, nikaogopa ataonekana mkaidi kwa kukataa uji. Sista akanipigia simu mwenyewe, akaniuliza mama huyu anafunga kweli au anaumwa, nikamwambia anajaribu. Basi kila siku saa nne alikuwa anampeleka maktaba na wenzake watatu asiwe anaangalia wenzie wanavyokunywa uji, na siku ya Eid akawauliza mbele ya paredi wasimulie wamekula nini.

Kuhusu hela. Baba yao alipunguzwa kazi 2021 tukakwama. Mimi kosa langu ni kwamba nilijificha. Meseji za shule nilikuwa nazisoma halafu naziacha, kwenye grupu la wazazi nikajitoa, nikawa nampeleka mtoto nashukia kona ya mbali nisionane na mlinzi. Mpaka akarudishwa. Nilipoenda ofisini nalia, sista akasema maneno haya, mama ungekuja mwezi wa pili ningekuwa na kitu cha kufanya, sasa hivi mhasibu ameshafunga orodha. Sio kwamba alikuwa mbaya, alikuwa amechelewa kujua. Kwaiyo nenda WIKI HII kabla hajafungua. Usisubiri Jumatatu foleni imefika getini kila mtu ana risiti mkononi.

Chuma_Ulete

mpeleke bweni hukohuko kwa masista uhangaike na kazi zako, watoto wa bweni wanalelewa vizuri

Ticha_Mstaafu

@Chuma_Ulete huyo ni darasa la tatu. Toka waraka wa 2023 bweni kuanzia awali hadi darasa la nne limezuiwa, labda shule yenye kibali maalum. Na mtoto aliyezika mama mwezi wa nne unampeleka bweni mwezi wa saba? Tuwe tunafikiri kabla ya kubonyeza.

Mwanzisha mada, pole. Nimefundisha shule za jimbo la kanisa na za mashirika ya masista jumla miaka kumi na tisa, miaka sita ya mwisho nilikaa ofisi ya uhasibu kwa hiyo hayo mambo ya deni nimeyaona kutoka upande wa pili wa meza. Ngoja nikueleze yanavyokwenda.

Shule ya namna hiyo haipati ruzuku ya wanafunzi. Ile elimu bila ada ni ya shule za umma, huko serikali inapeleka hela kwa kichwa, kiwango kilichowekwa ni 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na mishahara ya walimu inalipwa na serikali. Kwa masista mshahara wa mwalimu, mpishi, mlinzi, dizeli ya gari, maharage, vyote vinatoka kwenye hizo awamu unazoziona kwenye risiti. Sista mwenyewe mara nyingi ana posho ndogo tu na inaenda kwenye shirika lake. Kwa hiyo ukisikia wamekaza ujue tarehe 25 ya mishahara inakaribia. Simtetei aliyemrudisha mtoto wa Kidume getini, hilo nililipigia kelele hata nilipokuwa kazini, deni ni la mzazi, huwezi kulidai kwa mtu wa miaka minane.

Lakini karibu kila shule niliyofanya kazi ilikuwa na kafungu kadogo ambako hakaandikwi kwenye fomu ya kujiunga. Wengine wanakaita mfuko wa mshikamano, wengine mfuko wa yatima, kwingine hakana jina, ni daftari la sista tu. Kanatoka kwenye sadaka ya misa ya shule, harambee ya siku ya somo (mtakatifu msimamizi wa shule), mfadhili mmoja mmoja. Hakajai. Kwenye shule ya watoto mia nne tulikuwa tunaweza kubeba labda kumi na wawili, tena nusu nusu. Ndiyo maana haitangazwi, ukitangaza utapata barua mia mbili na nusu yake zina V8 nje.

Sasa nenda hivi. Piga simu uombe kuonana na mkuu wa shule NA mhasibu kwa pamoja, sio mmoja, maana mmoja atakusikitikia na mwingine atakuuliza namba. Beba risiti zote za marehemu, hilo kopo libebe kama lilivyo. Beba cheti cha kifo au kibali cha mazishi. Beba barua ya mtaa kutoka kwa mtendaji inayosema wewe ni mkazi na umefiwa, Wakatoliki huwa wanaleta ya mwenyekiti wa jumuiya (kikundi chao cha sala cha majirani) ikiwa na muhuri wa paroko, wewe ya mtaa inatosha. Andika barua yako mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na humo ndani usiombe "msaada wowote", hiyo sentensi mhasibu anaichukia. Sema, naweza kulipa kiasi hiki kila mwezi kuanzia tarehe hii, naomba hili na hili lipunguzwe. Mtu mwenye hesabu anasikilizwa. Na hiyo 150,000 usiende nayo mkononi, ilipe benki asubuhi yake uingie ofisini na risiti.

Wafadhili wa Ulaya wapo ila usiweke moyo huko. Inachukua picha, historia, barua za Krismasi, mwaka unaisha.

Na kingine cha kupigia hesabu, kwa mtaala mpya binti yako anamalizia darasa la sita, sio la saba kama sisi. Kwa hiyo unahesabu huu uliobaki na mitatu mbele. Ukiona hata hiyo haiwezekani, basi kumhamisha sio dhambi wala aibu, uhamisho unafanyika kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, namba yake inamfuata. Ila mhamishe mwezi wa kwanza, usimhamishe sasa. Kule masomo ni kwa Kiswahili, hapa ametoka kwenye Kiingereza, na mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Akikatishwa katikati anapoteza vyote viwili.

Binti_Kolero

Soksi: loweka usiku kucha na sabuni ya kipande iliyokwanguliwa na nusu limao, asubuhi sugua kwenye kisigino, anika juani bado ina povu kidogo halafu suuza. Jiki acha, itakula lastiki.

Halafu kaka, marehemu alikuwa anasali jumuiya gani? Hao wenzake bado wanakuhusu. Usifikiri kwa kuwa wewe ni Muislamu walikuja kuzika wakafunga daftari. Sisi jumuiya yetu mama mmoja alifariki ameacha mume asiye Mkatoliki, WAWATA wa kigango, yaani kina mama Wakatoliki wa kanisa letu dogo la hapo, tukawa tunapokezana, mmoja anafua Jumamosi, mwingine anasimamia homuweki, kwa miezi mitatu. Yule baba mwanzoni alikuwa anajifungia ndani tukija. Alidhani tumekuja kumbadilisha dini. Tulikuwa tumekuja kuchukua ndoo ya nguo.

Fundi_Spana

Asanteni sana wote. Ticha nimekopi maneno yako nimeyaandika kwenye daftari la gereji. Dada Binti_Kolero kweli walikuja mara mbili kina mama, nikawaambia tuko sawa. Hatukuwa sawa.

Ila naomba kuuliza tena, msinielewe vibaya. Nikiomba kupunguziwa, baadae hawatasema basi mtoto abatizwe? Kaka yangu mkubwa ndo hoja yake hiyo, anasema mkono unaopokea uko chini.

Frateli_Aliyeghairi

Nimekaa seminari miaka saba kabla sijaghairi, hili naweza kukujibu.

Hakuna. Ubatizo wa mtoto lazima mzazi akubali, na akikubali bado kuna mafundisho marefu, katekista hamalizi leo na kesho. Sista anayekuambia "tukupunguzie ada umbatize" atakuwa amevunja kanuni za kanisa lake kabla hajakukosea wewe. Mimi sijawahi kuona hilo, naona zaidi watoto ndo wanaomba wenyewe kwa sababu wenzao wanavaa gauni jeupe siku ya Komunyo ya Kwanza na kuna keki. Akiomba, mwambie sista "tulikubaliana na mama yake akue kwanza", ataheshimu.

Kuhusu haki yako ya kuomba. Kuna tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, juu ya elimu ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, namba 9 kama sikosei mpangilio, linawataka wachungaji wa kanisa kwenye shule za Kikatoliki wawajali hasa walio maskini, waliokosa malezi ya familia, na wasio na imani. Yani mkuu soma hiyo orodha polepole halafu jiangalie wewe na binti yako. Mmeandikwa mle. Na kanuni ya 796 ya sheria za kanisa inasema walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na wawasikilize, haikusema wazazi Wakatoliki.

Na ile bahasha ya sarafu, najua ilitoka wapi. Hao ni Utoto Mtakatifu, ni shirika la watoto lilianza Ufaransa 1843, mtoto anasaidia mtoto mwenzie. Wanakatwa hela ya barafu. Ile 21,400 ni barafu kama mia hivi ambazo hazikuliwa.

Hapa kwetu hili sio jipya hata. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo 1868 wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, hawana baba hawana mama. Shule zilianzia hapo, na fomu ya kujiunga yenye picha mbili za pasipoti ilikuja baadae sana.

Kidume_cha_Msamvu

Frateli maneno mazuri ila kanuni ya 796 haijazi tanki la basi. Mimi nilimsomea mhasibu wetu Mathayo 25 yote akanipa namba ya akaunti.

Frateli_Aliyeghairi

😂😂 Hapo sina jibu.

Ticha_Mstaafu

Kidume una haki ya kukasirika. Nami nikuongezee kitu, baadhi ya shule zetu zimepanda bei mpaka mkatekista wa kigango hawezi kumsomesha mwanae pale. Nimeona hilo. Katekista anafundisha watoto wa wenye magari mafundisho ya Komunyo, wake yuko shule ya kijiji, anampita na baiskeli. Shule zilitaifishwa baada ya sheria ya 1969, zile za mwanzo kabisa zikawa za wote, halafu ruhusa ya shule binafsi iliporudi tukajenga upya kwa matofali ya ada. Ukijenga kwa ada unaendesha kwa ada. Lakini huyu ndugu yetu hajauliza kuhusu sera, ameuliza Jumatatu.

mama_wawili

Kaka, ingine ya muhimu na ni ndogo. Mwambie mwalimu wa darasa hali ya nyumbani. Sio hela, hali. Nani anamwamsha, nani anamchana, analala saa ngapi, anamtaja mama au hamtaji. Wangu bibi yake alipofariki alianza kukojoa kitandani na darasani anachora tu, mwalimu alidhani uvivu. Tulipomwambia alimhamishia dawati la mbele na akawa anampa kazi ya kugawa madaftari. Hiyo nayo ni msaada kaka, haina risiti.

Binti_Kolero

Na mwezi wa tano na wa kumi wanasali rozari kila siku, nia za marehemu zinatajwa. Muulize mtoto kama anataka jina la mama yake litajwe. Asije akashtuka kulisikia.

Mluguru_Halisi

Mi natoka milimani huko, baba Mkatoliki, mjomba shehe, babu mganga. Ukoo mzima tulisoma shule moja ya misheni. Kaka yako mkubwa mwambie apunguze sauti, utani wetu na Wanyamwezi unatutosha.

Fundi_Spana (wiki mbili baadae)

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, nisingependa kuwa mtu wa kuuliza halafu anapotea.

Nilienda Alhamisi kabla ya kufungua. Nililipa ile 150,000 benki asubuhi kama Ticha alivyosema, nikaoga vizuri lakini kucha za fundi mnazijua. Kopo nimeliweka kwenye mfuko wa Rambo. Sista mkuu na mhasibu wote walikuwepo, mhasibu ni kijana tu sio sista. Nikatoa risiti zile, mhasibu akaanza kuzipanga kwa tarehe, akafika kwenye moja akanyamaza akampa sista. Nyuma ya ile risiti mke wangu alikuwa ameandika kwa kalamu, "bado 230 baada ya mchezo wa tar 20". Alikuwa apokee mchezo tarehe 20. Alikufa tarehe 17. Sista akaivua miwani akaangalia dirishani muda mrefu kidogo, halafu akasema tuendelee na hesabu.

Hesabu ikawa hivi. Gari la awamu ya pili mtoto hakulipanda, toka msiba alikuwa kwa mama yangu Kihonda anatembea kwa miguu, kumbe lilihesabiwa tu. Likafutwa, 120,000. Kwaiyo deni la nyuma likabaki 110,000. Gari nikalitoa kabisa mpaka mwisho wa mwaka, asubuhi nampeleka na pikipiki, mchana anatembea mpaka kwa bibi. Awamu ya tatu na ya nne ni 680,000. Jumla 790,000. Daftari lipo kweli! Sista akalitoa kwenye droo, ni daftari la kawaida la kaunta buku, akasoma akafunga akafungua tena, akasema nina 200,000 naweza kukupa, mwakani sijui. Ikabaki 590,000, toa niliyolipa asubuhi ni 440,000, Agosti mpaka Novemba 110,000 kila mwezi. Nimesaini.

Nikajiongeza nikamwambia sista ile pikipiki ya shule nimeiona inavuja oili, na ile guta mnyororo umelegea, nitengeneze mpunguze kwenye ada. Mhasibu akakataa palepale. Akasema kazi na ada havichanganywi, wakaguzi wa jimbo watamuuliza, leta bei, ufanye kazi, ulipwe na usaini vocha, halafu ada ukalipe benki kama mzazi mwingine. Mwanzoni niliona ananibania. Baadae nikaona ni bora hivyo, sitaki mwanangu aje aambiwe anasomeshwa na spana. Guta nimeshaitengeneza, 35,000.

Kuhusu dini niliuliza mwenyewe, bila kuzunguka. Sista akasema mama yake alishaniambia mlichokubaliana, kiko kwenye fomu. Nikaomba kuiona. Kweli, pale kwenye dini ameandika "atachagua", mwandiko wake ule wa kulalia kushoto.

Kaka yangu bado hajafurahi. Tumekubaliana Jumamosi na Jumapili binti aende madrasa ya pale kwa bibi, hilo nimeona ni haki pia. Kina mama wa jumuiya walikuja Jumamosi iliyopita nikawafungulia, nikawapa ndoo.

Kidume nakuelewa na wewe, kompresa nitanunua mwakani inshallah.

Soksi zimekubali limao. Sasa mtoto amepanda pikipiki ya mteja amekaa kwenye grisi, sketi ya bluu ina doa kama sahani, na Jumatatu kuna paredi. Hiyo mnatoaje?

Binti_Kolero

Usiimwagie maji! Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye doa kavukavu, sugua na mswaki wa zamani, iache robo saa ndo ufue na maji ya moto. Rudia kabla hujaanika, ukianika doa likiwa bado lipo, halitoki tena.

Na kamnunulie sketi ya pili mtumba pale sokoni, hazizidi elfu nne.

Kidume_cha_Msamvu

Mkuu nicheki inbox. Kuna jamaa yangu anauza kompresa yake kwa mafungu, anataka 110 kwa mwezi, mwambie mpaka Desemba 😂 Na petroli kidogo kwenye kitambaa inatoa hiyo grisi, sisi ndo tunafanya.

Binti_Kolero

Petroli HAPANA jamani, mtoto ataenda paredi ananuka sheli.